Kuuza na Kununua Sanaa Bagamoyo Bila Kudhulumiwa: Hatua kwa Hatua

Mtu akitaka kufungua duka la dawa, atakaguliwa yeye, chumba na rafu. Akitaka kuuza picha za kuchora au vinyago, hakutani na ukaguzi wa namna hiyo. Hakuna atakayemuuliza kama sahihi iliyo kwenye picha ni ya aliyeichora, wala kama kinyago anachokiita mpingo ni mpingo kweli, wala kama aliyechonga amelipwa. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lipo kwa sheria ya 1984. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasimamia sheria ya 1999. Lakini hakuna ofisa anayesimama mlangoni mwa duka akikagua kazi moja moja, na sidhani kama atapatikana karibuni. Hata kwenye masoko makubwa ya Ulaya na Marekani sheria zimechelewa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza 2020 tu kuwabana wauza sanaa wamtambue mteja anayelipa euro 10,000 na zaidi.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni karatasi mnayoandikiana wenyewe. Mwongozo huu ni wa mchoraji na mchongaji wa Bagamoyo, awe amepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, au amefundishwa na mjomba wake barazani, na pia wa mnunuzi anayekuja kutoka Dar mwisho wa wiki akitaka kitu cha sebuleni. Nimewaweka pamoja kwa sababu karatasi inayomlinda mmoja humlinda na mwenzake.

Hatua ya kwanza: iandikie kazi kumbukumbu kabla haijatoka mkononi

Rangi ikikauka, piga picha za mbele, nyuma na ubavuni, uweke na rula ili ukubwa uonekane. Kama kuna doa, ufa au mshono, upige kwa karibu. Doa hilo ndilo litakalotambulisha kazi yako siku ikionekana kwenye duka usilolijua.

Kisha fungua daftari. Kila kazi ipewe namba, kwa mfano 2025/14, yaani kazi ya kumi na nne ya mwaka huo. Andika jina lake, ukubwa kwa sentimita, vifaa ulivyotumia, tarehe uliyomaliza na mahali ilipo sasa. Namba hiyohiyo iandike nyuma ya picha. Kwenye kinyago, ichonge chini ya kitako kwa ncha ya patasi, maana kalamu hufutika kwa msasa. Picha za simu jitumie kwa barua pepe, kwa kuwa simu huibiwa na tarehe ya barua pepe hubaki.

Sheria yetu ya hakimiliki humlinda msanii tangu anapoitengeneza kazi, hata kama hajaisajili popote. Hata hivyo, kazi unayoona itanakiliwa sana isajili COSOTA, ili siku ya ubishi uwe na ushahidi wenye muhuri.

Hatua ya pili: sema nani kachora

Hapa wasanii wenyewe tunatakiwa tujitazame. Kwenye karakana zetu mwanafunzi hujaza rangi, mwalimu humalizia, na sahihi huwa ya mwalimu. Kunakili ndiyo shule yetu, na sioni ubaya wa kijana kuchora tausi au mbuyu uleule mara hamsini mpaka mkono ukubali. Ubaya huanza pale jina la mtu mwingine linapoandikwa pembeni ili bei ipande.

Mfano ulio wazi ni wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na aliuawa kwa risasi Dar es Salaam mwaka 1972. Hiyo ni miaka michache tu ya kazi, na alizoea kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa za dukani. Waliomfuata waliendeleza mtindo wake, na ushirika wao ukaundwa 1990. Mtindo ni wa wengi sasa, na ni halali yao. Lakini mtu akikuletea turubai jipya lenye sahihi ya "E. S. Tingatinga", anakuletea uongo. Angalia tarehe vilevile kwa msanii mwingine maarufu, George Lilanga, aliyefariki 2005: picha yenye jina lake na mwaka wa baadaye haihitaji mtaalamu kuikataa.

Njia ya heshima ipo na ni rahisi. Nyuma ya picha andika: "Mtindo wa Tingatinga, imechorwa na fulani, Bagamoyo", na mwaka. Kama mmeshirikiana wawili, wekeni majina yote mawili. Mnunuzi wa kweli hatakimbia, na yule kijana aliyejaza rangi ataanza kujenga jina lake badala ya kunenepesha la mwenzake.

Hatua ya tatu: mali kauli iandikwe

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii. Dhuluma nyingi za sanaa hapa kwetu hazifanywi na matapeli wa mbali. Zinafanyika dukani, kwa mtu unayemwamkia kila siku. Msanii huacha kazi kwa mali kauli: duka halilipi kitu, litalipa likiuza. Miezi inapita. Ukiuliza, unaambiwa bado. Siku moja unapita unaona ukuta mtupu, na aliyekuwepo siku ya mauzo "amesafiri".

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mwanangu, niachie hizo nne. Wageni wanashuka Ijumaa."

"Sawa mzee, nakuachia. Ila tuandikiane."

"Kwani huniamini?"

"Nakuamini, mzee, ndiyo maana nakuachia. Karatasi ni ya siku ambayo wewe hupo na dukani amekaa mtu mwingine."

Jibu hilo lina adabu na lina ukweli, litumie. Wenye maduka waaminifu hawachukii karatasi. Wengi wao wameshawahi kudaiwa na wasanii wanaosema waliacha kazi sita kumbe ziliachwa nne.

Karatasi iwe na nakala mbili, na isomeke hivi:

"Leo tarehe ..... mimi ..... wa duka la ..... nimepokea kwa mali kauli kutoka kwa msanii ..... kazi hizi: (namba, jina, ukubwa, bei ya kila moja). Kazi hizi ni mali ya msanii mpaka atakapolipwa. Duka litachukua asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Bei haitashushwa bila msanii kukubali. Msanii atalipwa ndani ya siku 7 baada ya mauzo. Kazi ikipotea au kuharibika ikiwa dukani, duka litamlipa msanii fungu lake. Kazi isiyouzwa itarudishwa baada ya miezi 3. Sahihi zetu na ya shahidi."

Asilimia mnaweza kupatana vingine, 30 nimeiweka kama mfano. Lakini sentensi ya umiliki msiiache. Duka likifungwa, au mwenye duka akifariki na warithi wakaja kugawana vilivyomo, au mwenye nyumba akashikilia mali kwa deni la kodi, sentensi hiyo ndiyo itakayotenganisha picha zako na viti vya marehemu.

Kuhusu asilimia nina msimamo. Wapo wenye maduka wanaopenda kusema, "Wewe niambie bei yako, mimi nitaweka cha juu." Inasikika kama ukarimu. Unataja 80,000, yeye anauza 400,000, na wewe hujui. Mwaka mzima unaendelea kuamini kwamba kazi yako ni ya 80,000, na unawafundisha vijana wako hivyo. Kwa asilimia, picha ikiuzwa 200,000 duka linachukua 60,000 na wewe 140,000, na kila mmoja anajua soko limefika wapi. Dai asilimia, na dai kuona nakala ya risiti.

Na wewe uwe muungwana. Ukimwachia mtu picha kwa 200,000 halafu ukamfuata mgeni wake ufukweni ukamuuzia ya namna ileile kwa 90,000, umemwibia mwenye duka. Akikurudishia kazi zako zote kesho yake, hana kosa.

Kama karatasi imeshindikana kabisa, tuma ujumbe wa simu ukiorodhesha kazi na bei, na usubiri ajibu "nimepokea". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa aina hiyo uwe ushahidi. Usiufute.

Hatua ya nne: mteja wa mtandaoni asikuharakishe

Mbinu ya kwanza: mteja usiyemjua anapenda picha yako ya 600,000, haombi kupunguziwa, haulizi ukubwa. Anasema atalipa mara moja. Kinachokuja ni picha ya stakabadhi ya benki ya 1,500,000, na ombi: "Nimezidisha kwa makosa, hiyo 900,000 mpe msafirishaji wangu atakayekuja kuchukua mzigo." Stakabadhi ni ya kughushi, au ni hundi ambayo benki itaikataa baada ya siku kadhaa. 900,000 uliyotoa ilikuwa yako. Kanuni: hakuna kurudisha "ziada" na hakuna kumlipia msafirishaji wa mteja mpaka benki yenyewe ikuthibitishie kwamba fedha zimeingia na ni zako.

Mbinu ya pili ni ujumbe wa kughushi wa malipo ya simu. Usisome ujumbe, tazama salio lako kwa menyu ya mtandao wako. Fanya hivyo hata kama mteja amesimama mbele yako na bodaboda inanguruma nje. Namba iliyokutumia ujumbe wa kitapeli iripoti kupitia 15040.

Mbinu ya tatu huwaumiza zaidi vijana waliohitimu karibuni, kwa kuwa inacheza na ndoto zao. Barua inakuja ikisema umechaguliwa kwa maonyesho Ulaya, lipia "ada ya kushiriki", kisha bima, kisha ushuru. Galari, yaani duka la sanaa, yenye wateja hupata pesa kwa kuuza picha. Inayopata pesa kwa kuwatoza wasanii haina sababu ya kuhangaika kuuza. Kabla hujatuma hata shilingi, tafuta msanii mwingine aliyewahi kuonyesha kazi hapo, umuulize moja kwa moja.

Hatua ya tano: picha na haki ya kuichapa ni vitu viwili

Mteja aliyenunua picha yako ana haki ya kuitundika na kuiuza tena. Hana haki ya kuichapa kwenye fulana, kanga, kalenda au chupa za maji za hoteli, isipokuwa umempa kwa maandishi. Kwenye risiti ongeza mstari mmoja: "Hakimiliki inabaki kwa msanii." Sheria ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako, maana yake watoto wako wanahusika. Akitaka kuchapa, muandikiane idadi, muda na malipo.

Hatua ya sita: mnunuzi, uliza kabla hujatoa pesa

Uliza nani ametengeneza, lini, na imepita mikono ya nani mpaka kufika hapa. Muuzaji mwaminifu atajibu hata kama jibu ni fupi: "Kachonga jirani yangu, twende ukamwone." Hapa Bagamoyo una bahati ambayo mnunuzi wa Geneva hana, kwamba aliyechonga mara nyingi yupo hatua chache kutoka dukani.

Kinyago kinachoitwa mpingo kigeuze. Wapo wanaochonga mti mweupe na kuupaka dawa ya viatu. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, sugua chini ya kitako. Rangi ikitoka, jibu umelipata. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba ukitiwa kwenye ndoo ya maji unazama, na kiini chake ni cheusi au zambarau iliyoiva mpaka ndani, si ngozi ya juu tu. Tabaka la mbao lililo chini ya gamba huwa na rangi ya maziwa yaliyochacha, na mafundi wengi hulibakiza makusudi kama pambo, kwa hiyo ukiona mpaka wa weupe na weusi usiogope, ni dalili njema. Kinyago cha mti mwingine si kitu kibaya. Kiuzwe kwa jina lake na bei yake.

Ukisafirisha nje ya nchi, kumbuka kwamba tangu Januari 2017 mpingo na jamii yake yote ya miti imo kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Bidhaa zilizokamilika zenye mbao hizo zisizozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa kibali hicho. Zaidi ya hapo waulize TFS, wakala wa misitu, mapema, siyo ukiwa uwanja wa ndege. Mchongaji naye atunze stakabadhi za gogo alilonunua.

Usidhani ujanja huu ni wa maduka madogo. Galari ya Knoedler ya New York ilifunguliwa 1846 na ilikuwa miongoni mwa kongwe kuliko zote Marekani. Kuanzia miaka ya 1990 mwanamke mmoja, Glafira Rosales, aliwaletea picha za wachoraji wakubwa ambazo hakuna aliyewahi kuziona, akidai zimetoka kwa tajiri asiyetaka kutajwa. Hapakuwa na risiti, barua wala picha ya maonyesho ya zamani. Zilichorwa na mchoraji mmoja mhamiaji, nyumbani kwake Queens. Moja ilikuwa na jina la mchoraji maarufu wa Marekani, Jackson Pollock, limeandikwa "Pollok", na bado ikapata mnunuzi. Kwa jumla picha hizo ziliingiza zaidi ya dola milioni 80. Galari ikafungwa 2011, na Rosales akakiri makosa mahakamani 2013. Wataalamu walikuwepo, na pesa za kupima rangi maabara zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Bila karatasi za ilikotoka, sinunui."

Hatua ya saba: milango na vitu vya kale

Mji Mkongwe wa Bagamoyo una milango ya nakshi iliyobaki kwenye nyumba zinazobomoka, na hapo ndipo roho yangu inauma zaidi. Dalali anaiona nyumba haina mtu, anatafuta mrithi mmoja kati ya kumi na wawili, anampa laki chache, mlango unang'olewa usiku.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iko wazi: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nakshi kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa, sawa na vifaa vya kimila vilivyotengenezwa kabla ya mwaka huo. Vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vina ulinzi wa daraja lake. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba mlango una miaka 150, amekupa sababu ya kutonunua mpaka uwaone Idara ya Mambo ya Kale. Ukitaka kuripoti mlango unaong'olewa, anza na mwenyekiti wa mtaa na idara hiyohiyo, ukiwa na picha.

Mara nyingine "kale" yenyewe ni ya uongo. Mlango mpya hupigwa moshi, hufukiwa, humwagiwa chai au tindikali. Tazama uchakavu umekaa wapi. Mlango uliotumika kweli umelika karibu na komeo na chini miguu inapogonga, lakini mlango wa kughushi huchakaa sawasawa kila mahali. Matundu ya wadudu wa kweli hupinda ndani, ya keekee hunyooka. Misumari ya zamani ilifuliwa kwa mkono, haifanani mmoja na mwingine. Ukitaka mlango mzuri kwa hoteli yako, mpe kazi fundi wa leo, alipwe vizuri na aandike jina lake na mwaka kwenye fremu.

Kitu kikishavuka mpaka, kukirudisha ni kazi ya miaka. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yaliibiwa vitu kadhaa, kimojawapo kinyago cha Kimakonde cha kuvaa. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller, Geneva. Kilirejea Tanzania 2010, na kiliwezekana kudaiwa kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za makumbusho kuonyesha ni kilekile. Ndugu zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya wameng'olewa vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wao, makaburini na kuviona vimefika makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa 2007, vingine vikafuata baadaye kwa taabu. Kama nyumba yenu ina mlango, kiti cha enzi au siwa, mkipige picha leo, pande zote, na kila mrithi awe na nakala.

Hatua ya nane: ukishadhulumiwa

Usianze kwa kutukana kwenye makundi ya simu. Ukimtaja mtu mwizi bila ushahidi unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa. Kusanya daftari, karatasi ya mali kauli, picha na ujumbe. Andika barua ya madai fupi: kazi zipi, kiasi gani, alipe ndani ya siku 14. Ipeleke ukiwa na shahidi, asaini kwenye nakala yako kwamba amepokea. Wengi hulipa hapo.

Asipolipa, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mpatanishwe, na mkikubaliana kulipwa kwa awamu, yaandikwe. Deni likibaki, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai madogo. Kama ni utapeli wa makusudi, sahihi ya kughushi au kazi iliyoibiwa, nenda polisi na uhakikishe unatoka na namba ya RB, yaani ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni. Kama kazi yako imechapwa bila idhini, peleka malalamiko COSOTA ukiwa na bidhaa yenyewe, na kwa hiyo inunue moja ile fulana au kanga na uombe risiti yenye jina la duka na tarehe.